PENSHENI SI ZAWADI: TUULIZE WAKATI KAMPUNI IKO HAI

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa katika semina ya siku moja ya wafanyakazi na wastaafu hapa Kaptembwo, Nakuru. Tumeyafupisha kidogo ili yaingie katika jarida, na mwishoni tumeweka maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo.)



Wazee wetu, akina mama, vijana mnaofanya kazi viwandani na katika mashamba ya maua, na hata wewe uliyeingia kwa sababu umesikia kuna chai: karibuni wote. Chai iko, lakini itakuja baada ya mazungumzo. Tukiileta sasa tutabaki na vikombe peke yake.

Tuanze na mzee mmoja wa mtaa huu. Jina lake hatulitaji, na shirika alilofanyia kazi hatulitaji pia. Alikuja ofisini kwetu asubuhi moja akiwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake mkebe wa biskuti uliofungwa kwa mpira. Akaufungua polepole. Mlikuwa na kitambulisho cha kazi ambacho picha yake imefifia, barua moja ya kuandikwa kazi, na barua nyingine ya kuambiwa asubiri. Ile ya kusubiri ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hata ikakatika katikati. Tukamwuliza, "Mzee, umesubiri kutoka lini?" Akacheka kidogo, akasema, "Nyinyi mlikuwa bado mnanyonya."

Mzee huyo hakuja kuomba msaada. Alilisema mwenyewe kabla hajaketi: "Sikuja kuomba unga. Nimekuja kuuliza habari ya pesa zangu." Neno hilo ndilo tunalotaka mlibebe kwenda nyumbani leo. Pesa zangu. Pensheni si zawadi, wala si huruma ya mwajiri. Ni sehemu ya mshahara ambayo mtu hakulipwa mwisho wa mwezi, ikawekwa ili ailie uzeeni. Basi, ikiwa ni mshahara, mbona hupotea? Na sisi tufanye nini ili isipotee?

NDEGE NA KAPTEMBWO, WAPI NA WAPI?

Mfano wetu wa leo ni wa shirika la ndege. Mtasema, ndege na Kaptembwo wapi na wapi? Hapa kwetu ndege tunaowajua ni heroe wa ziwani, na hao hawana wafanyakazi wala pensheni. Lakini sikilizeni. Shirika hilo lilikuwa na ndugu zake, na ndugu mmoja alikuwa hapa hapa Nakuru: reli. Walikuwa nyumba moja, na nyumba ilipobomoka iliwaangukia wote.

Shirika lenyewe lilikuwa East African Airways. Lilianza kuruka mwaka 1946, wakati wa ukoloni, likiwa mali ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa kwa mkataba wa 1967, likawa moja ya mashirika manne ya Jumuiya. Yale mengine yalikuwa reli, bandari, na posta na simu. Wazee waliopo hapa wanakumbuka heshima ya kazi hizo. Mtu akiajiriwa na Jumuiya, kijiji kizima kilijua. Alikuwa na nyumba, alikuwa na sare, na juu ya yote alikuwa na uhakika wa uzee wake. Nani angefikiri kwamba serikali tatu kwa pamoja zinaweza kushindwa kumlipa mtu?

SHIRIKA LILILOKUFA

Kifo chake hakikuja kwa siku moja. Januari 1971 Idi Amin alipindua serikali ya Uganda, na Rais Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Wakubwa wa nchi wasipoketi pamoja, nani ataamua mambo ya shirika? Juu ya hayo kila nchi ilianza kushika pesa zilizokusanywa kwake, isizipeleke makao makuu. Kenya ikalalamika kwamba inabeba mzigo wa wenzake. Tanzania na Uganda nazo zikalalamika kwamba Kenya inanufaika kuliko wao. Huku wakivutana hivyo, madeni ya ndege yalikuwa yanaongezeka, mafuta yanataka kulipiwa, vipuri vinataka kulipiwa.

Mwanzoni mwa 1977 ndege zikasimama. Kenya ikaunda Kenya Airways mwezi ule wa Januari, na kufikia Februari ikawa inaruka kwa ndege mbili za Boeing 707 za kukodi. Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya Februari hiyo hiyo, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kufikia katikati ya 1977 Jumuiya yenyewe ikawa imekufa. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa ni yule fundi wa injini, karani wa tiketi, mpakuaji mizigo na mfagiaji wa uwanja.

Angalieni jambo moja. Mfanyakazi wa Embakasi hakumpindua mtu. Hakukataa kuketi na mtu. Hakushika pesa za mtu. Kila mwezi alifanya kazi yake, na kila mwezi haki yake ya uzeeni ikaandikwa katika daftari la shirika. Halafu asubuhi moja akaamka, shirika halipo. Daftari lipo wapi? Nani atalisoma? Nani atalipa?

HESABU YA WAKUBWA NA HESABU YA WADOGO

Kazi ya kugawa mali na madeni ya Jumuiya alipewa mpatanishi, Bwana Victor Umbricht wa Uswisi. Alianza 1977. Mkataba wa kugawana ukatiwa sahihi Arusha tarehe 14 Mei 1984, na marais watatu, Moi, Nyerere na Obote. Hesabu wenyewe: ni miaka 7. Mtoto aliyezaliwa siku shirika lilipokufa alikuwa ameshaingia darasa la kwanza.

Katika mkataba huo Kenya ilipewa asilimia 42, Tanzania 32 na Uganda 26. Haya yalihusu mali na madeni. Kuhusu wafanyakazi, mkataba ulisema kila nchi iwalipe raia wake. Waliokwisha kustaafu kufikia 30 Juni 1977 walipwe pensheni na haki zao nyingine, na wale waliokuwa bado kazini tarehe hiyo wawekewe haki walizokuwa wamekwisha kuzichuma.

Kwenye karatasi, hayo ni maneno mazuri. Mzee wetu na mkebe wake wa biskuti angeyafurahia. Lakini kati ya karatasi na mfuko wa mtu kuna safari ndefu. Wafanyakazi wengi wa Kenya walikuwa wamechukuliwa na mashirika mapya ya nchi, ya ndege, reli, bandari na posta. Hapo ndipo maswali yalipozaliwa. Ile miaka 10 au 15 aliyofanya chini ya Jumuiya inahesabiwa na nani? Kwa mshahara gani? Na karatasi za zamani ziko Nairobi, ziko Arusha, au ziliungua?

Tanzania kulikuwa na wastaafu zaidi ya 30,000 wa Jumuiya waliodai. Walikwenda mahakamani Dar es Salaam mwaka 2003, na mwaka 2005 wakafikia makubaliano na serikali yao mbele ya Mahakama Kuu. Malipo yalifanyika, lakini wako waliosema walipunjwa, na kesi na maandamano vikaendelea kwa miaka. Waliokuwa wakiandamana walikuwa wazee wenye mikongojo, watu ambao wangepaswa kuwa nyumbani wakicheza na wajukuu.

Kenya nako, mwaka 2010, Wakenya 749 waliokuwa wafanyakazi wa Jumuiya walipeleka kesi yao Arusha, katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Walisema serikali yetu haikutimiza ule mkataba wa 1984. Kesi ilitupwa 2011, na rufaa ikakataliwa 2012. Sababu ilikuwa nini? Mahakama ilisema kwamba Mkataba wa Jumuiya mpya ulianza kutumika Julai 2000, na hauwezi kurudi nyuma kushika mambo ya 1977 na 1984. Swali la nani anadai shilingi ngapi halikufikiwa. Wazee walikwenda Arusha na hoja ya haki, wakarudi na jibu la tarehe.

Hatuwalaumu mahakimu. Sheria ina mipaka yake. Lakini somo lipo: haki iliyocheleweshwa hupita kwenye mlango mmoja hadi mwingine, na kila mlango una saa yake ya kufungwa. Na hata anayelipwa baadaye hulipwa kidogo. Mwaka 1977 dola moja ya Marekani ilikuwa kama shilingi 8 za Kenya. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya shilingi 120. Mtu aliyekuwa anadai pesa za kununua ng'ombe, akilipwa shilingi zile zile leo hanunui hata kuku wawili wa maana.

PENSHENI HUPOTEA KWA NJIA GANI?

Tuache historia kidogo tuje kwenye chama chetu cha akina mama, kile cha kila Jumapili. Tuseme mweka hazina wetu ana duka. Kila wiki tunampa michango, naye anaiweka ndani ya droo ile ile anayoweka pesa za duka. Mwanzoni hakuna shida, ukitaka pesa zako unapewa. Siku moja duka linafilisika. Wanakuja wenye madeni: mwenye nyumba, aliyemletea sukari, benki. Wanafungua droo. Wewe unasema, "Humo mna pesa zangu!" Wanakuuliza, "Ziko wapi? Zimeandikwa jina lako?" Basi nawe unapanga foleni pamoja na mwenye sukari.

Hiyo ni njia ya kwanza ya kupotea: pesa za uzee kukaa katika mfuko wa mwajiri mwenyewe. Kampuni ikifa, zinakufa nayo.

Njia ya pili ni ahadi isiyo na pesa nyuma yake. Mwajiri anasema, "Ukistaafu nitakulipa sehemu fulani ya mshahara wako kila mwezi mpaka ufe." Ni ahadi nzuri. Lakini ahadi hiyo inataka akiba kubwa iwekwe kila mwaka, na mwajiri akibanwa na madeni, hiyo ndiyo akiba anayoiruka kwanza, kwa sababu mstaafu wa kesho hapigi kelele leo.

Njia ya tatu ndiyo tunayokutana nayo zaidi ofisini, nayo ni wizi mtupu ingawa unavaa tai. Mwajiri anakata pesa kwenye mshahara, anaandika kwenye karatasi ya mshahara kwamba amekata, halafu hazipeleki. Mama mmoja wa Rhonda alikuja na karatasi za mshahara za mumewe aliyefariki, zote zimepangwa vizuri, kila mwezi makato yameandikwa. Tulipokwenda naye kuuliza kwenye mfuko, miezi mingi ilikuwa mitupu. Kampuni ilikuwa imeshafungwa na mwenyewe hajulikani alipo. Kilichomwokoa mama yule kwa kiasi ni zile karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na marehemu alikuwa na daftari.

Njia ya nne, wazee wa reli mnaijua: mali ipo lakini haigeuki pesa. Kenya Railways ilipokabidhi uendeshaji wa treni kwa kampuni ya Rift Valley Railways mwaka 2006, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi uliundwa na kupewa ardhi na majumba ya shirika, ili yazae pesa za kuwalipa wastaafu. Ardhi ni mali kweli kweli. Lakini hailiwi kwa sahani. Ikivamiwa, ikiwa na kesi, au wapangaji wasipolipa, mstaafu anaambiwa angoje. Ukiambiwa mfuko wenu ni tajiri, uliza: utajiri huo ni wa pesa au wa viwanja?

WENZETU WA NJE

Msidhani haya ni ya Waafrika peke yetu. Shirika la United Airlines la Marekani liliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi mwaka 2002. Mwaka 2005 hakimu akaliruhusu kuachana na mifuko yake ya pensheni, ambayo ilikuwa imepungukiwa kwa karibu dola bilioni 9.8. Watu walioguswa walikuwa zaidi ya 120,000.

Je, walikufa njaa? Hapana, na hapa ndipo tofauti ilipo. Tangu 1974 Marekani ina mfuko wa dhamana. Kampuni zenye pensheni ya ahadi hulipa ada katika mfuko huo, na mmoja akianguka, mfuko unaendelea kuwalipa wastaafu wake mpaka kiwango fulani. Katika shida ya United mfuko huo ulibeba kama dola bilioni 6.6. Zilizobaki wafanyakazi walizipoteza. Marubani waliumia zaidi, maana sheria ya wakati huo iliwastaafisha wakiwa na miaka 60, na mfuko hulipa pungufu kwa anayeanza kuchukua kabla ya 65. Hata hivyo, United yenyewe ilitoka mahakamani 2006 ikaendelea kuruka. Ndege ilipona, pensheni haikupona.

Sisi Kenya hatuna mfuko wa dhamana wa namna hiyo kwa pensheni za makampuni. Kwa hiyo ulinzi wetu ni mambo mawili: sheria inayotenga pesa za mfanyakazi na pesa za mwajiri, na macho ya mfanyakazi mwenyewe.

SHERIA YETU INASEMAJE?

Mwaka 1997 Bunge lilipitisha Sheria ya Mafao ya Kustaafu, na ikaundwa Mamlaka ya kusimamia mifuko ya pensheni, ile inayoitwa RBA. Jambo kubwa katika sheria hiyo ni lile la droo: pesa za mfuko zitoke katika droo ya duka. Mfuko uwe na wadhamini wake. Pesa zishikwe na mtunzaji aliye mbali na mwajiri, na ziendeshwe na meneja aliyeandikishwa. Hazikopeshwi mtu. Hesabu zikaguliwe kila mwaka. Wanachama wana haki ya kuchagua baadhi ya wadhamini na kupata taarifa ya akiba yao. Kampuni ikifilisika, zile pesa zilizokwisha kufika kwenye mfuko hazimo katika foleni ya wadai. Ni zenu.

Mmesikia neno hilo? Zilizokwisha kufika. Zile ambazo hazikupelekwa zinabaki kuwa deni la kampuni, na hapo sasa unarudi kwenye foleni. Kwa Sheria ya Ufilisi ya 2015, aliyeshika rehani juu ya kiwanja au mashine ana haki yake juu ya mali hiyo. Gharama za mfilisi hutoka kwanza. Halafu mishahara ya miezi ya mwisho na makato ya wafanyakazi, navyo vina kikomo. Wafanyakazi hawako mwisho wa foleni, lakini mara nyingi wakifika dirishani sufuria imeshakwanguliwa.

Pia kuna NSSF, iliyoanza 1965. Hiyo ni ya kila mfanyakazi, hata yule wa kibarua. Tangu 2023 makato yake yameongezeka kwa ile sheria ya 2013: asilimia 6 kutoka kwako na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, mpaka kikomo kilichowekwa. Watu walinung'unika, na tunawaelewa, unga ni ghali. Lakini mkishakatwa, angalau hakikisheni kwamba zimefika.

TUFANYE NINI?

Ndugu zetu, tumefika kwenye kiini. Usiulize habari ya pensheni siku ya kufungwa kwa lango. Siku hiyo kila mtu anakimbia, hata meneja. Eveready ilipofunga kiwanda chake cha betri hapa Nakuru mwaka 2014, mji mzima ulikumbushwa kwamba hata jina lililo kwenye kila tochi linaweza kufunga lango. Uliza wakati kampuni iko hai, wakati karani yupo, wakati kompyuta inawaka.

Kwanza, weka karatasi. Barua ya kuajiriwa, kila karatasi ya mshahara, nambari ya NSSF, nambari ya uanachama wa mfuko wa kampuni. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi haki ya kupewa maelezo ya mshahara na makato yake, na cheti cha utumishi anapoondoka. Piga picha kwa simu pia, mpelekee mtoto aliye mbali. Nyumba za Kaptembwo zinaungua, na mvua nayo haibishi hodi.

Pili, angalia akiba yako angalau mara mbili kwa mwaka. NSSF ina ofisi hapa mjini. Linganisha miezi: kilichokatwa na kilichofika. Ukiona mwezi mtupu, usinyamaze. Mwezi mmoja ni kosa la karani, lakini miezi mitatu ni dalili kwamba kampuni inaumwa. Hata lile shirika la ndege lilianza kufa kwa pesa kutopelekwa zinakotakiwa.

Tatu, nendeni wengi. Mmoja akiuliza ataitwa mchochezi. Ishirini wakiuliza wataitwa wafanyakazi. Mtumie chama chenu cha wafanyakazi, na mkutano wa mwaka wa mfuko msiufanye wa kula soda tu. Waulizeni wadhamini: mwajiri amepeleka mpaka mwezi gani? Pesa ziko wapi? Mali yetu ni nini?

Nne, mwajiri asiposikia, peleka malalamiko kwa RBA kama ni mfuko wa kampuni, kwa NSSF kama ni makato ya NSSF, au kwa afisa wa kazi. Na msikae. Madai mengi ya ajira yana kikomo cha miaka 3. Kumbukeni wale 749 wa Arusha.

Tano, mkiachishwa kazi kwa sababu kampuni inapunguza watu, sheria inataka notisi ya angalau mwezi mmoja, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliofanya. Hiyo ni mbali na pensheni. Usikubali kuambiwa kwamba moja imelipa nyingine.

Sita, mwambie mke wako. Mwambie mume wako. Tunasema hili kwa uchungu. Wako wanaume waliozikwa na siri ya akiba zao. Andika mrithi, na ukibadilisha hali ya nyumbani, badilisha na karatasi. Mkihisi marehemu wenu aliacha pesa mahali, kuna Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, UFAA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kuuliza hapo hakuhitaji wakala. Yeyote anayetaka "kitu kidogo" ili akusaidie kutafuta, mkimbie.

Kijana mmoja atauliza, "Sisi vibarua tusio na kampuni je?" Swali zuri. Kwanza, kibarua anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, sheria haimwoni tena kama kibarua wa siku, na ana haki ya kudai masharti ya mwajiriwa. Pili, wa jua kali na mama mboga wanaweza kujiandikisha wenyewe NSSF na kuweka kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kisivuje.

NENO LA MWISHO

Kanisa lilianza kusema juu ya haki ya mfanyakazi kupata ujira unaomtosha tangu waraka wa Papa Leo wa 13, Rerum Novarum, wa mwaka 1891. Kwa hiyo tunapozungumza habari ya makato na mifuko humu ndani, msiseme ofisi ya maendeleo imeingilia mambo ya dunia. Uzee wa mtu ni mambo yetu.

Mtauliza habari ya mzee wa mkebe. Tulimwandikia barua, tukaenda naye mara mbili. Kilichopatikana kilikuwa kidogo, na kilikuja wakati macho yake yalikuwa yameshaanza kukosa nguvu, hivi kwamba ilibidi mjukuu amsomee kiasi. Akauliza, "Umesema ngapi?" Mjukuu akarudia. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Haya. Angalau wamekubali kwamba nilifanya kazi."

Tusingoje mpaka hapo. Sasa chai.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika nyumba yetu, nani anakatwa pesa za uzeeni? Je, tunajua zimefika mpaka mwezi gani?

2. Wale wafanyakazi wa ndege hawakuwa na kosa lolote. Kwa nini mzigo uliwaangukia wao? Je, iko hali kama hiyo mahali tunapofanya kazi?

3. Katika Jumuiya yetu wako wastaafu au wajane wenye karatasi wasizoweza kuzisoma? Nani atakwenda nao ofisini, na siku gani? Andikeni jina na siku kabla ya kufunga kikao.